Waliorudi kwenye benchi ya shule wakiwa watu wazima



Siku hizi mama mmoja muuguzi alinisimamisha mbele ya redio. Ana miaka 42 na watoto watano. Alifanya kazi miaka 18 katika kituo cha afya cha kijijini, mpaka vita ikamfukuza. Sasa anataka kuingia masomo ya juu ya uuguzi.

“Ndugu mwandishi, majirani wananicheka,” aliniambia. “Wanauliza nitakaa namna gani kwenye benchi moja na watoto wa umri wa kifungua mimba wangu. Tena karatasi zangu zilichomeka pamoja na nyumba.”

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe niliishia kwenye diploma ya Leta na masomo ya uandishi wa habari, na kila mwaka najiambia kwamba mwaka ujao nitarudi shuleni. Basi nilienda kutafuta jibu katika historia ya inchi yetu. Jibu lipo, na wazee wengi wanalijua.

Turudi mwaka 1960. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji walifungua shule nyingi za msingi, lakini mlango wa chuo kikuu walichelewa kuufungua. Lovanium, kule Léopoldville, ilianza mwaka 1954, na chuo kikuu cha Elisabethville mwaka 1956. Siku ya uhuru, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika inchi nzima. Daktari Mkongomani hakuwepo hata mmoja.

Waliokuwepo ni wasaidizi wa madaktari, zaidi ya 100. Walianza kufundishwa katika miaka ya 1930. Walipima wagonjwa, walitibu, wengine walipasua. Lakini juu yao kulikuwa kila mara na daktari mzungu, na yeye ndiye aliyetia sahihi. Mtu aliweza kufanya kazi hiyo miaka kumi au zaidi bila kupanda, kwa sababu ngazi ya juu haikuwekwa kwa ajili yake.

Mwezi wa saba 1960 askari wa Force Publique waliasi. Madaktari wengi Wabelgiji walikimbia ndani ya wiki chache tu, na hospitali zikabaki bila mkubwa. OMS, shirika la afya la dunia, ilileta madaktari kutoka inchi nyingine ili kuziba pengo. Ilifanya pia jambo la pili, ambalo tunalisahau: iliwalipia masomo wasaidizi wapatao 60 waende Ufaransa kusomea udaktari kamili.

Hao hawakuwa vijana wa kutoka sekondari. Walikuwa watu wa kazi, wenye nyumba na jina katika mitaa yao. Kule walikaa tena darasani kama wanafunzi, wakaandika, wakapita mitihani. Miaka mitatu hivi baadaye walianza kurudi wakiwa madaktari, na hospitali zetu zikapata madaktari wa hapa inchini, miongoni mwa wale wa kwanza.

Jiulizeni: kwa nini miaka mitatu, wakati masomo ya udaktari yanapita hapo mbali? Kwa sababu hawakuambiwa waanze sifuri. Yale waliyosoma zamani na yale mikono yao iliyojua yalihesabiwa. Tena kuna aliyewalipia. Moyo wao ulikuwa mkubwa, lakini moyo peke yake haungewafikisha.

Katika ofisi za Leta mambo yalifanana. Makarani walijikuta kwenye viti vya wakubwa bila masomo ya kazi hiyo. Kwa hiyo mwaka 1961 ilifunguliwa ENDA kule Léopoldville, shule ya sheria na utawala, ili kutayarisha watumishi wa Leta na mahakimu.

Sisi wa Kivu tulikuwa na kizuizi kingine: umbali. Mwaka 1971 vyuo vikuu vyote viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na masomo yakagawanywa kwa miji: udaktari Kinshasa, ualimu na saikolojia Kisangani. Mwalimu wa Masisi au wa Walungu aliyetaka kupanda kwa njia hiyo alipaswa kuacha kazi, mke na shamba. Wengi walibaki.

Vyuo viliposogea karibu, watu wazima walianza kuonekana. ULPGL ilianza Goma mwaka 1985, chuo kikuu cha Kikatoliki Bukavu mwaka 1989. Mwaka 1993 chuo kikuu cha Kisangani kilifungua matawi Goma na Bukavu, ambayo yalijitegemea mwaka 2004. Hapo mwalimu aliweza kufundisha asubuhi na kusoma magaribi. Wengi walifuata mshahara, kwa sababu mwenye D6 na mwenye licence hawalipwi sawa. Lakini nimesikia pia papa mmoja akisema alisoma ili aache kunyamaza kwenye mikutano. Hiyo nayo ni faida.

Sasa nimrudilie mama yetu. Kwa majirani jibu ni rahisi: wengi kati ya madaktari wa kwanza wa inchi hii walikuwa watu wazima waliokubali kuwa wanafunzi tena. Aliyewacheka labda alitibiwa nao baadaye.

Kwa wakubwa wa vyuo na wa Leta, nauliza: mwaka 1960 kazi ya mikono ilihesabiwa, kwa nini leo miaka 18 ya mama huyu ipotee pamoja na nyumba iliyochomeka? Karatasi huungua. Aliyemfundisha yupo, aliyefanya naye kazi yupo, na wamama aliowazalisha wapo na watoto wao.

Nilimshauri aanzie kwa shule aliyomaliza, aombe waangalie daftari za waliopita mtihani. Mkubwa wake wa zamani naye amwandikie barua ya kushuhudia kazi. Ameanza kutafuta.

Ninyi wengine mliopoteza karatasi njiani, pitieni kwetu redioni. Tutaandika majina ya shule na miaka, halafu tutaenda kuuliza pamoja.