Jozi ya Mbele

Msomaji, ukipita leo katika nchi ya chai, kutoka Kericho hata Bomet, utaona malori na matrekta yakichukua majani mabichi kwenda viwandani. Usidhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita kaskazini ya Kericho, penye stesheni ya Lumbwa, ambayo siku hizi huitwa Kipkelion. Kutoka hapo mizigo ya mashamba ya walowezi ilipanda vilima kwa magari ya kukokotwa na maksai, na mvua iliponyesha magurudumu yalizama matopeni.

Gari zito liliweza kufungiwa maksai 16, yaani jozi nane. Nguvu zao zingekuwa bure kama kila mmoja angevuta upande wake. Kwa hiyo ilipasa wafundishwe. Maksai kijana alifungwa kamba ya pembe mpaka akazoea mkono wa mtu. Kisha alitiwa nira pamoja na mzee aliyekwisha kuijua kazi, akavuta gogo, na mwisho gari. Jozi yenye akili na utulivu iliwekwa mbele, ikiongozwa na kijana aliyeshika ukanda wa ngozi. Jozi yenye nguvu ilikaa nyuma, karibu na gari. Wanagenzi walikaa katikati, mahali ambapo hawakuweza kukimbia wala kulala.

Ajabu ni kwamba watu wa nchi za theluji walifikia mpango uo huo kwa mbwa. Huko Alaska mbwa mchanga huvishwa mkanda kifuani, akavutishwa gogo jepesi, kisha akafungwa ubavuni pa mbwa mzee. Wasikivu wa amri hutangulia; wenye nguvu hukaa karibu na gari lao lisilo magurudumu, ambalo huteleza juu ya theluji. Mwaka 1925, ugonjwa wa dondakoo ulipozuka katika mji wa Nome, waendeshaji 20 walipokezana kwa mbwa wapatao 150, wakafikisha dawa mwendo wa kilomita 1,085 kwa muda usiotimia siku sita. Mbio hizo zisingewezekana kwa mbwa wasiofundishwa.

Sasa turudi nyumbani. Vijana wa Kipsigis waliotangulia mbele ya maksai wa walowezi walitumika katika nchi ambayo sehemu yake ilikuwa malisho ya baba zao. Ujira ulikuwa haba. Lakini walitazama, wakaushika ufundi, wakarudi nao makwao. Katika miaka ya 1920 na 1930 majembe ya kukokotwa na ng'ombe yakaenea kati ya Wakipsigis. Mtu aliyezoea kulima konde dogo kwa jembe la mkono sasa aliweza kuvunja ardhi kubwa, akala mahindi yake, na ya ziada akayauza.

Hata hivyo faida hiyo haikuja peke yake. Mwenye maksai alilima zaidi ya jirani yake, akaizungushia ua ardhi iliyokuwa malisho ya wote, na ugomvi wa mipaka ukaanza. Wanyama walikuwa wamejifunza kuvuta pamoja. Watu walikuwa bado.

Basi, msomaji, ukikuta maksai wakilima pembezoni mwa njia, simama kidogo, umwulize mwenye nao ni yupi aliyemfundisha mwenzake. Nguvu walizaliwa nazo wote wawili. Kwenda sawa ndiko kulikotaka mwalimu.