Kutoona mbali, kutoona karibu

kutoona mbali *nomino-kitenzi* [ku-] hali ya jicho ambamo vitu vya karibu huonekana wazi na vya mbali hufifia. *Kinyume:* kutoona karibu.

Istilahi hizi huwapotosha wafasiri kwa sababu Kiingereza huitaja hali kwa uwezo uliobaki, ilhali Kiswahili cha kawaida huitaja kwa uwezo uliopotea. Kwa hiyo “uoni karibu”, unaokutwa katika baadhi ya tafsiri, na “kutoona mbali” ni kitu kimoja, ijapokuwa msomaji atadhani vinapingana. “Uoni mbali” una kasoro zaidi, maana kuona mbali ni sifa ya mwenye busara, si maradhi. Umbo la ukanushi ndilo la kupendelewa, hasa katika maandishi ya tiba, ambamo neno lililogeuzwa huelekeza kwenye lenzi iliyo kinyume.

Asiyeona mbali kwa kawaida ana tufe la jicho refu kupita kiasi. Miali ya mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina. Lenzi mbonyeo huitawanya miali hiyo kidogo, ikakutane nyuma zaidi. Asiyeona karibu ana jicho fupi, naye husaidiwa na lenzi mbinuko, inayoikusanya miali mapema. Vitenzi vyenyewe vinatosha kuzitofautisha: kilichobonyea kimeingia ndani, nacho ni chembamba katikati, kilichobinuka kimetokeza nje.

*Mfano:* Mwanafunzi wa Mwanza asiyeona mbali husoma kitabu chake bila taabu, lakini ubao ni ukungu, na Jiwe la Bismarck ni kivuli tu juu ya maji.

Mfano huu si wa kubuni tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwapima wanafunzi 2,511 wa sekondari jijini Mwanza: takriban 6 katika kila 100 walikuwa na hitilafu kubwa ya kulenga mwanga, nyingi zikiwa za kutoona mbali, na chini ya nusu ya hao ndio waliokuwa na miwani.

Kutoona karibu kunakoanza baada ya umri wa miaka 40 hivi kuna chanzo kingine, ingawa lenzi yake ni mbinuko vilevile: lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa. Mshona nyavu wa mwalo wa Kirumba huiona mitumbwi iliyo mbali ziwani, lakini hulazimika kunyoosha mkono ili ayaone matundu ya wavu wa dagaa. Ni vyema mfasiri aongeze “kwa sababu ya umri”.

Tanbihi ya matumizi. *Uoni hafifu* si kisawe cha hali hizi. Katika elimu maalumu nchini Tanzania, istilahi hiyo humhusu mtu ambaye uoni wake hubaki dhaifu hata baada ya kuvaa miwani inayomfaa.