Tandiko na Dau

Katika mbio za farasi, wanyama hukimbia uwanjani na fedha hukimbia nje ya uwanja. Mpandaji hukaa juu ya tandiko moja, lakini huchukua matumaini ya watu wengi asiowajua, walioweka dau kwa jina la farasi wake. Mambo yakienda sawa, fungamano hilo halionekani. Ajali itokeapo, ndipo huulizwa: mpandaji ana deni gani kwa watu hao?

Tarehe 8 Aprili 1967 swali hilo lilizuka Aintree, karibu na Liverpool, Uingereza, katika mbio za Grand National. Farasi 44 walianza safari ya zaidi ya maili 4 na viunzi 30. Popham Down alimpoteza mpandaji wake katika kiunzi cha kwanza, akaendelea kukimbia peke yake. Penye kiunzi cha 23 aligeuka ghafula, akawakatia wenzake njia. Farasi wakagongana, wakasimama, wakarudi nyuma. Wapandaji wakatupwa chini.

John Buckingham, juu ya Foinavon, alikuwa nyuma sana. Kuchelewa kwake kulimpa nafasi ya kutazama: akashika pembeni, akaona upenyo, akaruka. Farasi huyo alikuwa na bei ya 100 kwa 1. Hata mwalimu wake, John Kempton, alikuwa Worcester siku hiyo. Foinavon akashinda.

Lakini wengine hawakukata tamaa. Wapandaji 17 walipanda tena. Josh Gifford, juu ya Honey End, farasi aliyetumainiwa kuliko wote, alifukuza hata akamaliza wa pili. Kwa aliyeweka dau la ushindi peke yake, jitihada hiyo haikuleta hata senti. Kwa aliyeweka dau la nafasi pia, ilileta malipo. Basi mpandaji atupaye hatamu angali anaweza kwenda hutupa pia haki ya mtu mwingine.

Hata hivyo, fedha haina mfupa wa kuvunjika. Farasi aliyeanguka hawezi kusema aumwapo, na mpandaji aliyepigwa kichwa huenda asiijue hali yake mwenyewe. Kumtaka arudi tandikoni kwa ajili ya dau ni kumtoza kwa mwili deni ambalo hakukopa. Mwaka 2009 Uingereza ilikataza kupanda tena baada ya kuanguka mbioni.

Je, haki ya mwenye dau ilipotea? La, ila ilipata mlinzi mwingine. Mwaka 1993, huko huko Aintree, mwanzo wa mbio uliharibika, lakini farasi 30 kati ya 39 waliendelea kukimbia. John White alifika wa kwanza juu ya Esha Ness, akakuta ushindi si ushindi: mbio zilibatilishwa, na dau la paundi milioni 75 hivi likarudishwa. Mwaka 1967 halikurudishwa, kwa kuwa ajali haina kinga, na kila awekaye dau huikubali. Kosa la waendeshaji ni jambo jingine.

Basi deni la mpandaji ni uaminifu na bidii, wala si shingo yake. Yaliyozidi hapo ni kazi ya kanuni. Tangu 1984 kiunzi cha 23 chaitwa rasmi Foinavon.