Suleiman Kangangi

Suleiman Kangangi (9 Januari 1989 – 27 Agosti 2022), maarufu kwa jina la Sule, alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa kutoka Kenya na nahodha wa Team Amani. Mkenya anayetajwa kwanza mchezo huu ukizungumzwa ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne (2013, 2015, 2016 na 2017). Froome, hata hivyo, alihamia leseni ya Uingereza mwaka 2008, kabla ya ushindi wake wowote mkubwa. Kangangi alishindana chini ya bendera ya Kenya hadi kifo chake, kwa hiyo anayetaka kujua mchezo huu unamdai nini Mkenya wa kawaida heri asome habari zake.

Kuanzia Loitokitok hadi Kitengela, baiskeli ni chombo cha kazi: hubeba mitungi ya maji, kreti za nyanya, hata abiria. Baiskeli ya mashindano ni kitu kingine, na bei yake humfungia nje kijana mwenye mapafu na miguu ya kutosha. Pengo hilo ndilo alilotaka kuliziba Nicholas Leong, mpiga picha kutoka Singapore aliyeanzisha kikosi cha Kenyan Riders huko Iten, mji wa wakimbiaji katika nyanda za juu za Kenya. Hoja yake ilikuwa nyepesi: wanaotawala mbio za miguu duniani wanashindwaje kutawala za baiskeli?

Jibu limo ndani ya mchezo wenyewe. Mkimbiaji mwenye nguvu huweza kuondoka peke yake na kushinda. Kwenye barabara ya lami, mwendesha baiskeli hupambana na upepo, na anayejificha nyuma ya wenzake huokoa nguvu nyingi mno. Asiye na timu ya kumkinga huchoka kabla mlima haujaanza. Tena kuna ujuzi wa kukaa ndani ya kundi la watu zaidi ya mia, gurudumu kwa gurudumu, kupiga kona na kushuka mteremko kwa kasi. Vijana wa Ulaya huupata wakiwa watoto, Wakenya wengi huanza kuusomea ukubwani. Mapafu ya Iten hayafuti upungufu huo.

Mwaka 2016 Kangangi alikuwa katika Kenyan Riders Downunder, timu ya ngazi ya tatu ya kimataifa iliyoufungamanisha mradi wa Iten na Australia. Kisha alijiunga na Bike Aid ya Ujerumani. Matokeo yake makubwa zaidi yalikuja Novemba 2017, alipomaliza wa tatu kwa jumla katika Tour du Rwanda, nyuma ya Joseph Areruya wa Rwanda na Metkel Eyob wa Eritrea. Katika mbio ambazo karibu kila hatua ni kupanda na kushuka, nafasi hiyo haipatikani kwa bahati.

Baadaye alielekea kwenye mbio za barabara za changarawe, na nadhani hapo aliona mbali. Mbio hizo hazimdai mtu awe na timu kubwa wala pointi za kimataifa: unajiandikisha, unajipanga mstari mmoja na mabingwa. Team Amani ilikusanya waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki kwa lengo hilo, na Juni 2021 Migration Gravel Race ikafanyika kwa mara ya kwanza, siku nne katika nchi ya Wamaasai kandokando ya hifadhi ya Maasai Mara. Safari hii wageni ndio waliosafiri kuja kushindana na wenyeji, bila wenyeji kuhangaikia viza.

Katikati ya mwaka 2022 timu ilikwenda Marekani. Kangangi alianguka akiwa katika kasi kubwa wakati wa Vermont Overland, mbio za changarawe katika jimbo la Vermont, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 33. Aliacha mke na watoto watatu. Hakuishi kuyaona mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakifika Afrika kwa mara ya kwanza, Septemba 2025, mjini Kigali, katika Rwanda ileile alikopata matokeo yake makubwa zaidi.