Mana, Mtama na Giligilani

Siku moja, katika mafundisho hapa Kamina, kijana mmoja mkatekumeni alisimama akauliza: "Mwalimu, Biblia ya Kiswahili niliyo nayo yasema mana ilifanana na mtama. Ya Kifaransa yasema coriandre. Ipi ni ya kweli?" Wenzake wakanyamaza, wakingoja jibu.

Basi, ndugu msomaji, tuanze na mmea wenyewe. Huko pwani wengi huita majani yake mabichi kotmiri, na mbegu zake kavu giligilani. Katika Kenya husema dania. Wahispania huuita cilantro. Majina ni mengi, mmea ni mmoja.

Lakini jikoni, jani na mbegu havibadilishani nafasi. Jani lina harufu kali inayopotea motoni. Kwa hiyo hukatwakatwa na kutiwa mwishoni, mchuzi unapoepuliwa, au katika kachumbari. Watu wengine huonja humo ladha ya sabuni. Mbegu ikikauka, harufu yake hugeuka, ikawa tamu kidogo kama ganda la chungwa. Hiyo hutwangwa na kutiwa mapema, kama katika pilau. Mpishi akitia moja mahali pa nyingine, chakula si kile tena.

Mmea huu ni wa kale. Mbegu zake zilikutwa katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri, lililofunguliwa mwaka 1922. Waisraeli nao waliujua. Ndiyo maana kitabu cha Kutoka na kile cha Hesabu hulinganisha mana na mbegu hiyo, wala si na jani. Mtakatifu Yeronimo, alipofasiri kwa Kilatini yapata mwaka 400, aliandika coriandrum.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 walichagua mtama, nafaka ijulikanayo na kila mtoto.

Jumapili iliyofuata nilileta mbegu za giligilani na punje za mtama mweupe, nikaziweka katika kiganja cha yule kijana. Zote ndogo, zote mviringo. Akasema: "Lakini giligilani si nyeupe!" Nikamjibu: "Ndivyo. Umbo la mana lilikuwa la giligilani. Weupe wake waweza kuuona katika mtama."

Mfasiri hakudanganya. Aliokoa umbo, akapoteza jina la mmea. Nasi tukisoma, tuulize kama kijana yule.