Kashata katika Jiko la Pwani

Kashata hutengenezwa kwa sukari iliyopikwa na kuchanganywa na nazi au karanga, kisha ikakatwa vipande ingali ya moto. Hupikwa majumbani kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, na ufundi wake hurithiwa jikoni, kutoka kwa bibi na mama kwenda kwa watoto.

Viungo vyake havikufika pwani kwa wakati mmoja. Mnazi ndio mkongwe: ulikuwapo karne nyingi kabla ya Wareno, na Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alieleza habari za nazi katika kitabu chake cha safari. Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, na zilienea Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari kuu. Iliki inayotia harufu ilitoka India, nchi ambayo nayo ina chikki, kitamutamu cha karanga na sukari guru kinachofanana sana na kashata za karanga.

Sukari ndiyo yenye historia chungu. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba makubwa ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Miwa ilikamuliwa, maji yake yakachemshwa kuwa sukari guru, na sehemu ya mzigo ikauzwa Unguja. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Sukari nyeupe ya viwandani ilizidi kupatikana katika karne ya 20, viwanda vilipojengwa Miwani karibu na Kisumu na Arusha Chini karibu na Moshi. Sukari nyeupe ndiyo inayopikiwa kashata nyingi leo.

Kashata za nazi huanza kwa kukuna nazi kwenye mbuzi. Sukari huchemshwa kwa maji kidogo mpaka shira iwe nzito na kuvutika kama uzi, ndipo nazi na iliki hutiwa, na rangi kwa anayependa. Mwiko haupumziki, kwa sababu shira iliyoachwa hushika chini na kuungua. Mchanganyiko ukianza kuachana na sufuria, huepuliwa, humwagwa kwenye sinia iliyopakwa mafuta, husawazishwa, kisha hukatwa kwa kisu.

Za karanga zina njia nyingine. Karanga hukaangwa, hufikichwa na kupepetwa kwenye ungo ili maganda yatoke. Sukari huyeyushwa kavu, bila maji, mpaka igeuke rangi ya kahawia. Hapo karanga humiminwa na kukorogwa upesi. Sukari iliyofikia hali hiyo karibu haina maji, ndiyo maana ikipoa hukauka na kuvunjika kwa mlio. Ikiepuliwa mapema kashata hunata; ikichelewa huwa chungu. Anayechelewa kukata hukuta sinia imeganda, na vipande hupasuka ovyo.

Ugumu huo wa kupima wakati ndio ulioifanya kazi hii ifundishwe kwa macho na mikono. Mtoto huanza kwa kukuna nazi na kupepeta karanga, maana sukari ya moto huunguza vibaya kuliko maji ya moto. Akikua hukabidhiwa mwiko, na hujifunza kutambua rangi na harufu ya sukari iliyoiva. Hujifunza pia kudondosha tone la shira kwenye maji baridi: likiganda, limefika.

Kashata pia imekuwa riziki. Wanawake wengi huzipika nyumbani na kuzipeleka dukani, shuleni au kwa muuza kahawa, ambaye hupita mitaani na dele lake akigonganisha vikombe. Utamu wake huenda pamoja na kahawa chungu, na watu wa barazani hutafuna kipande kwa kila kikombe. Bei ya sukari ikipanda, vipande hupungua ukubwa. Na sukari ilipoadimika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilo moja tu ilikuwa ya kutafutwa. Hata hivyo kashata hazikupotea, kwa kuwa vyombo vyake ni sufuria, mwiko na sinia, na maarifa yake yamo ndani ya familia.