Krismasi na Kufunga Shule katika Buhaya: Sherehe Hii ni ya Nani?

Mwisho wa muhula wa pili katika shule za msingi za Bukoba na Muleba huangukia majira ya Majilio. Ripoti za watoto hutolewa, wazazi huitwa, na katika shule nyingi, hasa zile za makanisa na za watu binafsi, siku ya kufunga shule huwa pia siku ya Krismasi ya shule. Watoto huimba, huigiza habari ya wachunga kondoo na mamajusi, kisha wote hula pamoja. Ni majira ya senene, na wenyeji wa Kagera waishio Mwanza na Dar es Salaam huwa wameanza kurudi nyumbani. Mara nyingi mchungaji wa usharika wa jirani huombwa aje atoe neno. Je, aendapo huko huenda kama mwenyeji au kama mgeni? Sherehe hii ni ya Kanisa, ya Serikali, ya mwenye shule, au ya wazazi? Katika makala hii tunakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya historia, maana bila historia tutalijibu kwa mazoea tu.

Wasomaji kabla ya wamisionari

Katika lugha ya Kihaya neno okushoma lina maana mbili: kusoma maandishi, na kwenda kanisani kusali. Mkristo huitwa omushomi, yaani msomaji. Matumizi haya yanafanana na yale ya Buganda, na si kwa bahati. Mapadre Weupe walikuwa wamefika Kashozi mwaka 1892 na kuanzisha kazi ya Kanisa Katoliki. Lakini kwa upande wetu wa Kiprotestanti, Injili ililetwa kwanza na Wahaya wenyewe, waliojifunza kusoma kutoka kwa Waganda na waliokitumia Kitabu Kitakatifu katika Kiganda. Misheni ya Bethel ilipoanza kazi Bukoba mwaka 1910, chini ya uongozi wa Ernst Johanssen aliyekuwa amekwisha kufanya kazi Rwanda, ilikuta watu waliokuwa wakikusanyika tayari.

Jambo hili lina uzito kwa swali letu. Jumuiya ya kwanza ya Kiprotestanti katika Buhaya ilikuwa shule na kanisa kwa wakati mmoja, nayo haikuwa na jengo la misheni, wala mshahara, wala mfadhili. Kilichowaunganisha kilikuwa kitabu na hamu ya kukisoma. Kwa hiyo, tukitafuta mwenyeji wa kwanza wa sherehe yoyote ya Kikristo katika nchi hii, hatumpati katika ofisi ya misheni. Tunampata katika kundi la wasomaji.

Mwalimu mmoja, nyumba moja

Misheni ilipopanuka, umoja huo wa shule na kanisa uliendelea kwa sura nyingine. Kijijini, nyumba moja ya nyasi ilitumika kwa masomo siku za juma na kwa ibada siku ya Bwana. Mtu mmoja aliyeitwa mwalimu alifundisha herufi, hesabu na katekisimu, tena aliongoza ibada. Katika mazingira hayo watoto wa shule na watoto wa usharika walikuwa watoto wale wale, na wazazi waliokuja kuwasikiliza walikuwa Wakristo na wanafunzi wa ubatizo wa mahali pale.

Vita kuu mbili za dunia ziliupima utaratibu huo. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa katika vita ya kwanza, na tena katika vita ya pili, kabla ya Waswidi kuja kusaidia kazi. Nyakati hizo mzigo mkubwa wa sharika na shule ulibebwa na walimu wenyeji. Wala wazazi hawakuwa watazamaji: jasho lao, na mara nyingi fedha ya kahawa yao, viliingia katika kujenga madarasa na kuwasomesha watoto.

Hata hivyo tusiipambe picha hii kupita kiasi. Katika vijiji vingi shule ya Walutheri na shule ya Wakatoliki zilitazamana kwa ushindani. Mtoto alijifunza mapema nani ni wa kwetu na nani ni wa kwao. Krismasi, sikukuu ya amani duniani, ilisherehekewa pande mbili za ua mmoja. Mtoto wa Kiislamu, naye ni wa nchi hii tangu zamani, mara nyingi hakuwa na nafasi upande wowote.

Mabadiliko ya mwaka 1970

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970, ilizitia mikononi mwa Serikali shule zilizokuwa zikipata ruzuku, zikiwamo za makanisa. Askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi wakati huo alikuwa Josiah Kibira, mtu aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa mchungaji, na ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kwa sharika nyingi tendo hilo la Serikali lilikuwa na uchungu, maana majengo waliyoyajenga kwa mikono yao hayakuwa yao tena. Ibada na masomo, vilivyokuwa vimezaliwa pamoja, vilitengana.

Lakini tukipima kwa haki, hatuna budi kukiri faida yake. Baada ya mwaka 1970, na zaidi baada ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977, watoto wa Kilutheri, wa Kikatoliki, wa Kianglikana na wa Kiislamu waliketi dawati moja kwa kiwango kisichokuwako kabla. Kufunga shule kukawa sherehe ya kijiji kizima. Mafundisho ya dini yakabaki na vipindi vyake, na Kanisa likapewa wajibu wa kuleta walimu wa vipindi hivyo. Kama sharika nyingine ziliviacha vipindi hivyo bila mwalimu, lawama si ya Serikali.

Tena, sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kutoona shule ya Serikali kuwa msiba. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe na kutunza shule. Barua hiyo hakuwaelekezea maaskofu. Alitoa hoja kwamba hata kama pasingekuwa na mbingu wala roho, ulimwengu ungehitaji shule ili utawaliwe vema. Shule, kwa mafundisho hayo, ni kazi halali ya utawala wa dunia, ambao nao ni wa Mungu. Luther huyo huyo alitunga wimbo wa Krismasi kwa ajili ya watoto, uliochapishwa mwaka 1535. Hakuona pingamizi kati ya mambo hayo mawili.

Shule mpya na jaribu jipya

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilifungua tena mlango wa shule zisizo za Serikali, na makanisa yakaingia. Tunamshukuru Mungu kwa shule hizo. Lakini hapa pana jaribu ambalo wasomaji wa kwanza hawakulijua: ada. Sherehe ya Krismasi ya shule inaweza kugeuka kuwa tangazo la biashara, yenye sare maalumu, keki, mpiga picha na mchango uliopangwa. Mzazi asiyeweza kulipa humwacha mtoto nyumbani siku hiyo, naye mtoto huelewa sababu.

Katika Kagera jambo hili si dogo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu tu. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha nyumba na madarasa, miezi michache tu kabla ya Krismasi. Katika nchi iliyopitia hayo, kumwambia mtoto aje na mzazi wake na mchango wake ni kumkumbusha mbele ya wenzake kile alichonyimwa. Habari ya Luka 2 inaanza na watu waliokosa nafasi. Haiwezi kuigizwa kwa haki mahali ambapo mtoto amekosa nafasi kwa ajili ya fedha.

Hitimisho

Tumeona kwamba sherehe hii katika Buhaya imekuwa na wenyeji wengi kwa zamu: wasomaji, misheni, Serikali, na sasa wenye shule. Kwa maoni yetu mwenye haki ya kwanza ni jumuiya ya wasomaji yenyewe, yaani watoto, walimu na walezi wao. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika shule ya Serikali mchungaji aende kama mgeni mwenye adabu, akiwakumbuka watoto wasio wa imani yetu, wala asiwalazimishe. Pili, usharika ulinde vipindi vya dini mwaka mzima, kwa maana hotuba moja ya Desemba haijazi pengo la Januari hadi Novemba. Tatu, shule iliyo chini ya Kanisa isitoze kitu kwa ajili ya Krismasi. Aliye na ndizi alete ndizi, asiye na kitu aje kula, na usharika ubebe kilichopungua.

Wapo watakaosema kwamba si vema kusherehekea Krismasi ndani ya Majilio. Hoja yao ina msingi wa kiliturjia. Lakini shule hutawanyika kabla ya tarehe 25, na watoto wengine katika nyumba wanazokwenda hawatasimuliwa habari hii. Basi na waisikie wakiwa bado pamoja, wakiwa na ripoti zao mkononi. Okushoma kulianza hivyo katika nchi hii, kwa watu waliokusanyika kusikia kabla hawajawa na kanisa la kuwakusanya.